Injini ya D4: Nani Amwambie Mnunuzi?



Wauza magari wa mjini wana neno moja wanalolitanguliza kabla hata hujauliza bei, nalo ni la ajabu kidogo. Kwa kawaida mwenye kuuza kitu hukusifia alichonacho. Huyu hukusifia asichonacho. "Hili siyo D4, mzee," anakuambia, huku akipiga boneti kofi dogo, kama mtu anayekuhakikishia kwamba nyumba anayokuuzia haina nyoka. Neno hilo hilo utalisikia Nairobi katika matangazo ya magari, na utalisikia Kampala kule sokoni Kisekka kwa wauza vipuri. Herufi moja na tarakimu moja vimekuwa hirizi ya kufukuza balaa katika miji yetu yote mikubwa, na wengi wanaoliogopa neno hilo hawajawahi kuambiwa maana yake.

Jioni hii nataka tulizungumze jambo hili taratibu, maana ndani yake kuna fedha nyingi za watu wa kawaida. Gari la mtumba kutoka Japani, kwa mwalimu, kwa mwuguzi au kwa mfanyabiashara wa duka moja, ndicho kitu cha pili kwa thamani atakachokinunua maishani baada ya nyumba. Wengine hulinunua kabla ya nyumba, na mimi siwacheki. Mtu wa namna hiyo akinunua gari lililobeba injini asiyoijua, na hakuna aliyepaswa kumwambia, hasara inayomfika hailingani na kupasukiwa na tairi.

Tuanze na gari lenyewe. Mwaka 1994 kampuni ya Toyota ilileta RAV4 ya kwanza, gari dogo lenye umbo la gari la porini lakini lenye adabu ya gari la mjini. Injini iliyozoeleka ndani yake ilikuwa ile inayoitwa 3S-FE, ya lita 2, ambayo mafundi wetu walikuwa wameizoea tangu enzi za Corona na Carina. Waliifungua wakiwa wamefumba macho. Vipuri vyake vilijaa Gerezani. Watu walilipenda gari hilo, na lilistahili kupendwa.

Mwaka 2000 ikaja RAV4 ya pili. Umbo lilikuwa jipya, pana zaidi, la kupendeza zaidi, na chini ya boneti kulikuwa na injini mpya kabisa. Yale yaliyouzwa Japani yenye kuvuta magurudumu yote manne yaliwekewa injini ya 1AZ-FSE, ya lita 2 vilevile, yenye nguvu za farasi 152, wakati 3S-FE ya RAV4 ya kwanza ilikuwa na 135. Nguvu zaidi, na kwa mujibu wa wahandisi, mafuta kidogo zaidi na moshi msafi zaidi. Kumbukeni hilo la Japani, kwa sababu RAV4 za mwaka ule zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko mengine, Ulaya ikiwamo, ziliwekewa injini ndugu yake, 1AZ-FE, isiyo na herufi S.

Herufi hiyo moja ndiyo kesi yetu. Katika desturi ya Toyota ya kuzipa injini majina, S iliyo katikati ya FSE inamaanisha kwamba petroli inarushwa moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo ndiyo D4. Toyota iliianza mwishoni mwa mwaka 1996 katika Corona Premio, na mwaka huo huo Mitsubishi nayo ilikuwa imekwisha kutoa ya kwake iliyoitwa GDI, ambayo baadaye tuliipata katika Pajero iO. Fikra yenyewe ni ya zamani zaidi: Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilirusha petroli ndani ya silinda. Lakini 300 SL ilikuwa gari la matajiri wachache. D4 ilikuja kwa umati: RAV4, Noah, Voxy, Premio, Allion, Wish ya lita 2, Isis, na katika injini za silinda sita, Verossa. Karibu kila gari ambalo baadaye lingepaki mbele ya benki na kanisa na msikiti wa mji wetu.

Sasa nieleze tofauti, na fundi anayenisikiliza anisamehe nikirahisisha. Katika injini ya kawaida ya nozeli, petroli hurushwa kwenye njia ya hewa, nje ya silinda, juu ya valvu za kuingizia. Hapo inachanganyika na hewa, valvu inafunguka, mchanganyiko unaingia. Kazi hiyo inahitaji msukumo mdogo tu wa mafuta. Katika D4 nozeli imechomekwa ndani ya chumba chenyewe cha moto. Ili petroli iingie humo ikiwa vumbi laini na si matone, inabidi isukumwe kwa nguvu ya kati ya mara 25 na 40 ya ile ya kawaida. Kwa hiyo kuna pampu ya pili, ndogo, ngumu, iliyosagwa kwa vipimo vya usahihi wa hali ya juu, inayozungushwa na injini yenyewe, na pampu hiyo hulainishwa na petroli ileile inayopita ndani yake.

Faida ipo, tusiifiche. Petroli ikirushwa ndani ya silinda hupoza joto la humo, kompyuta hupima kila tone, na injini hutoa nguvu zaidi kwa mafuta yale yale. Injini ya D4 iliyo nzima ina utii wa kupendeza barabarani. Lakini kuna gharama moja ambayo haionekani katika karatasi za matangazo. Katika injini ya zamani petroli ilikuwa ikipiga valvu za kuingizia kila sekunde na kuziosha. Katika D4 valvu hizo haziguswi na petroli kabisa. Mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini unapita hapo. Moshi wa ekzosi, ambao sehemu yake hurudishwa ndani kwa makusudi ili kupunguza sumu hewani, nao unapita hapo. Vitu hivyo viwili vikikutana kwenye chuma cha moto kisichooshwa hufanya masizi mazito, meusi, yanayonata kama lami. Mwaka hadi mwaka njia ya hewa inazidi kuwa nyembamba, kama mshipa wa mzee aliyependa nyama ya mafuta.

Na hapo ndipo yanapoanza maisha ya mwenye gari.

Wote niliopata kuzungumza nao kuhusu jambo hili husimulia kwa mpangilio unaofanana mno, kana kwamba wamefundishana. Kwanza asubuhi: gari linawaka kwa shida, linatetemeka, kisha linatulia. Baada ya miezi kadhaa halitulii. Ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, ambao mafundi wetu huuita sailensa, unapanda na kushuka. Kisha linaanza kuzimika kwenye taa za barabarani, na mahali pabaya zaidi pa kuzimikiwa na gari ni kwenye taa, nyuma yako kuna daladala. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mlimani linakosa pumzi. Mtu anayekwenda Iringa anaupanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori la saruji kwa sababu hana nguvu ya kulipita. Na mafuta, yale yaliyosemwa yatakuwa kidogo, yanapungua tangini kuliko ya jirani mwenye RAV4 ya zamani.

Kuna dalili nyingine, ya hila zaidi, na iliwadanganya wengi. Mwenye gari anachomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta kwamba oili haikupungua. Anafurahi. Mwezi unaofuata anakuta imepanda. Anafurahi zaidi, anadhani amepata injini isiyokula oili. Ukweli ni kwamba pampu ile ya msukumo mkubwa, hasa katika injini za D4 za mwanzo mwanzo, mipira yake ilipochakaa iliweza kuvujisha petroli ndani ya oili. Kinachopanda kwenye kijiti ni petroli. Oili iliyotiwa petroli hulainika na kushindwa kazi yake, na injini inajisaga yenyewe polepole huku mwenyewe akiwasifia Wajapani. Ungenusa kijiti tu, ungejua. Lakini nani aliwahi kumwambia anuse kijiti?

Nalitaja na la boliti za kichwa cha injini, kwa ufupi. Katika familia hii ya AZ ya miaka ile, bloku ni ya aluminiamu, na nyuzi zilizoshika boliti za nyuma zilikuwa na tabia ya kung'oka injini ilipopata joto kali. Maji yanatoka, rejeta inakauka, na gari linachemka. Fundi anabadilisha gasketi, gari linakwenda wiki mbili, linachemka tena, na fundi analaumiwa kwa kosa ambalo liko ndani ya chuma.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halitapendeza kila mtu. Injini hii haikufika kwetu peke yake ikaanza kuharibika. Ilifika kwetu tukaitendea tulivyozoea. Kule ilikotoka, gari binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3 ya kwanza na kisha kila baada ya miaka 2, na tangu mwaka 2005 petroli inayouzwa huko ina salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni. Kwetu, lilipokuwa likishuka bandarini na umri wa miaka sita, saba au zaidi, lilikuwa limekwisha kubeba nusu ya masizi yake. Likaingia kwenye foleni za Dar es Salaam, saa nzima kutoka Ubungo hadi Posta, injini ikiunguruma bila kwenda popote. Hakuna mazingira yanayotengeneza masizi haraka kuliko hayo. Oili ikabadilishwa kwa kukisia, ya aina yoyote iliyokuwapo kwenye dumu.

Na petroli yenyewe, je? Wasikilizaji wa Tanzania wanalikumbuka neno uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi, petroli ilikuwa ghali, na baadhi ya watu waliona faida iliyo katikati. Hali ilifikia mahali ambapo mwaka 2010 mamlaka ya EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili yatambulike, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe. Kenya nao, Septemba 2018, waliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu ile ile. Mafuta ya taa hayachomeki vizuri katika injini ya petroli, huacha masizi. Maji na vumbi la kwenye matangi ya vituo huikwaruza ile pampu ndogo iliyosagwa kwa usahihi. Injini ya 3S-FE ilikunywa uchafu wote huo, ikakohoa, ikaendelea. Ilikuwa punda. D4 ilikuwa farasi wa mashindano, na farasi hafi kwa sababu ni mbaya. Hufa kwa sababu amepewa mzigo na malisho ya punda.

Nasema hivyo bila kumwondolea mtengenezaji sehemu yake. Ushahidi ninao kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. RAV4 ya tatu ilipotoka mwaka 2005, hata ile ya Japani ilirudi kwenye nozeli za kawaida, kwa injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4. Na mwaka huo huo Toyota ilianza kutumia mpango mwingine uitwao D-4S katika injini zake kubwa: kila silinda ina nozeli mbili, moja ndani ya chumba cha moto na nyingine nje kwenye njia ya hewa, kama zamani, ili petroli iendelee kuziosha valvu. Mtu haongezi nozeli ya pili kama ya kwanza peke yake ilikuwa haina dosari.

Sasa tuwatazame mafundi wetu. Wamelaumiwa sana na wamesifiwa kidogo, na kwa maoni yangu wanastahili vyote viwili. Fundi wa chini ya mwembe alikutana na D4 bila kitabu, bila mashine ya kusoma kompyuta, bila hata herufi za kusoma, maana maandishi yote yaliyokuja na gari yalikuwa ya Kijapani. Wengine walijifunza kwa macho na mikono: wakagundua kwamba ukiifungua njia ya hewa, ukakwangua lami ile, ukasafisha valvu na kibao cha hewa, gari linafufuka na kwenda miaka. Hao ni wataalamu, na nawavulia kofia. Wengine walianza kubadilisha vitu kwa kubahatisha: plagi, koili, pampu ya tangini, kisha kompyuta, na kila kitu kililipiwa na mwenye gari. Kikishindikana chote, dawa ya mwisho ikawa kung'oa injini nzima na kuweka nyingine.

Hilo la kung'oa lilikuwa mtindo kwa miaka, na bado lipo. Unaambiwa weka 3S, sahau matatizo. Huambiwi kwamba injini nyingine inataka waya zake, kompyuta yake, na mara nyingi gia boksi yake na mikono yake ya kuishikilia. Gari likiunganishwa nusu nusu, taa za dashibodi hazizimiki tena maishani. Wala huambiwi kwamba nambari ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na kwamba siku utakapotaka kuliuza, au siku litakapopata ajali na bima ikaja kukagua, utahitaji kueleza kwa nini kadi inasema hivi na chuma kinasema vile. Nimewaona watu wanaosumbuka na jambo hilo, ilhali la kwenda kubadilisha taarifa za kadi lilikuwa dogo kama lingefanywa mapema.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Si injini.

Mwaka 2017, Honda walitoa CR-V mpya. Nalo ni gari dogo la namna hiyo hiyo, nalo lilikuwa na injini mpya: lita 1.5, yenye tabo, inayorusha petroli ndani ya silinda. Majira ya baridi yalipofika kaskazini ya China, wenye magari wakaanza kuona jambo lile lile. Kijiti cha oili kinaonyesha oili imepanda. Harufu ya petroli ndani ya gari. Sababu haikuwa pampu safari hii, ilikuwa baridi na safari fupi fupi. Injini haikupata moto wa kutosha kuichoma petroli yote, nyingine ikateremka kwenye oili. Lakini kwa mwenye gari, kijiti ni kijiti. Walifanya nini? Walilalamika kwa muuzaji. Walilalamika kwa mamlaka ya ubora ya nchi yao. Mwezi wa pili wa mwaka 2018 ukatangazwa mpango wa kuyarudisha gereji magari ya CR-V yapatayo 130,000. Mamlaka ikauona mpango ule hautoshi ikaukataa, na mwezi wa tatu uuzaji wa CR-V mpya ukasimamishwa kwa muda nchini humo mpaka dawa bora ipatikane. Marekani nako, Honda waliongeza muda wa dhamana ya injini hizo.

Tazameni tofauti. Dalili inafanana. Aina ya gari inafanana. Hata hofu ya mwenye gari, akiwa amesimama mbele ya boneti na kijiti mkononi, inafanana. Yule wa China alikuwa na mtu wa kumwendea. Sauti yake na za wenzake zilijumlishwa, zikawa hesabu, hesabu ikawa amri. Mwenye RAV4 wa Mbagala au wa Kahawa West alimwendea nani? Muuzaji wake alikuwa dalali mwenye simu. Aliyemwuzia dalali alikuwa kampuni ya mnada iliyo ng'ambo ya bahari. Mtengenezaji alikuwa hamjui kabisa, kwa sababu katika vitabu vyake gari lile liliuzwa kwa familia moja huko Japani na biashara ikaishia hapo. Na wakala rasmi wa hapa nchini hakuliuza yeye.

Kwa hiyo uzoefu wa maelfu ya wenye magari, uliolipiwa kwa fedha zao wenyewe, haukuandikwa popote. Ulizunguka kwa mdomo, vijiweni na kwenye gereji, ukipoteza maelezo yake kila ulipopita, mpaka kikabaki kitu kimoja tu: D4 ni mbaya. Ndiyo maana nasema neno hilo limekuwa hirizi. Hirizi haikuelezi ugonjwa.

Na hirizi sasa inaanza kudanganya. RAV4 zilizoingia soko la Japani tangu mwaka 2019, zile za lita 2 zisizo za haibridi, zina injini ya M20A-FKS. Oneni, S ile ile imerudi. Lakini hii ni D-4S, ya nozeli mbili kwa silinda, iliyotengenezwa baada ya somo la miaka karibu ishirini. Magari hayo ndiyo yanayofika bandarini Mombasa, ambako sheria ya Kenya hairuhusu gari lenye umri unaozidi miaka 8, na yanafika Dar es Salaam pia. Mnunuzi anayeikimbia D-4S kwa sababu baba yake aliteswa na D4 anakimbia kivuli. Upande wa pili, yupo anayeuziwa RAV4 ya mwaka 2003 kwa kuhakikishiwa kwamba siyo D4, kumbe ndiyo yenyewe, na kifuniko cha plastiki kilichoandikwa D-4 kimeondolewa juu ya injini na kutupwa. Kifuniko hung'oka kwa mkono. Wengi huapa kwa kifuniko hicho.

Sioni kwa nini jambo hili liwe gumu kulirekebisha. Muuza mkate analazimika kuandika kilichomo ndani ya mkate. Muuza gari la mamilioni aandike katika tangazo lake jina kamili la injini, herufi zote, na jina la modeli lililoko kwenye kibao cha chuma. Hilo halimgharimu shilingi. Tanzania ina Sheria ya Ushindani tangu mwaka 2003, na ndani yake mlaji amelindwa dhidi ya mwenye kumpotosha. Sioni kwa nini "siyo D4" isemwe bure na isiwe ahadi inayoweza kudaiwa mbele ya Tume. Wakati gari linapoingia nchini, karatasi zake zote hupitia mikononi mwa maofisa wanaojua tayari lina injini gani. Wanaiandika kwa ajili ya kodi. Iandikwe pia kwa ajili ya mnunuzi, kwa Kiswahili, pamoja na mistari mitatu minne ya namna ya kuitunza injini hiyo. Vyuo vyetu vya ufundi navyo vimekuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuifungua 1AZ-FSE mbele ya wanafunzi. Sijui kipuri kingine kinachopatikana kwa wingi kama hicho kwenye majalala ya gereji zetu.

Lakini kwa kuwa hayo yanataka watu wengi wakubaliane, na wewe pengine unakwenda yadi Jumamosi hii, haya hapa ya kuondoka nayo. Mwambie muuzaji afungue boneti na akuonyeshe kibao. RAV4 ya pili yenye modeli inayoanza na ZCA ina injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, ya nozeli za kawaida, ingawa haivuti magurudumu yote. Iliyoandikwa ACA20W au ACA21W, ile ya Japani, ndiyo D4. Kwa nje magari haya mawili ni mapacha. Ukiikuta D4 usikimbie mara moja, maana bei yake huwa chini na ipo iliyotunzwa, ila ipangie fedha ya kufungua na kusafisha njia ya hewa, na jadili bei ukiwa umekwisha kuitoa fedha hiyo kichwani. Fika asubuhi kabla hawajaliwasha gari. Gusa boneti, ikiwa ina joto, rudi siku nyingine. Chomoa kijiti cha oili, tazama kimefika wapi, kisha kinuse. Kikinuka petroli, umemaliza kazi. Kisiponuka, mwambie awashe, na usikubali akanyage mafuta. Acha injini iungurume yenyewe, feni zizunguke na kusimama, robo saa, dakika ishirini, mkono wako ukiwa juu ya usukani unasikiliza mtetemo. Muuzaji atakuambia petroli inaisha bure. Mwambie utailipia.